Neno Lenye Kunazi Ndani Yake

Baichuan alinisukumia kile kikaratasi juu ya meza bila kunitazama. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nikajisemea moyoni, haya Yanling, siku yako imefika.

Miezi minane nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mwanaume huyu kila Jumamosi mchana, katika darasa la Kiingereza la watu wazima lililo juu ya duka la cherehani, na miezi yote minane nilikuwa nasubiri afungue mdomo. Luan Baichuan ni fundi wa majiko ya kukaushia kunazi. Jiko likigoma wakati wa mavuno, nusu ya mji wetu wa Xinzheng inamtafuta yeye. Ana mikono mikubwa yenye makovu ya moto, na sauti ya chini inayonifanya nisahau nilichotaka kusema. Na mimi si mtu wa kusahau maneno. Nina miaka ishirini na tisa, kumi kati ya hiyo nimeipitisha nyuma ya meza ya duka la mama yangu, nikibishana na wateja na kuwashinda. Mbele ya Baichuan tu ndipo ulimi unapokuwa mzito.

Tena muda ulikuwa umeniishia. Kiwanda kimoja cha Ningbo, huko pwani, kilikuwa kimempa kazi ya miaka miwili, na kilitaka jibu kabla ya Jumatatu. Darasa zima lilijua. Mwalimu Xun alishatuimbisha wimbo wa kumuaga, kwa Kiingereza, na tukauimba vibaya sana. Nilicheka pamoja na wenzangu, kisha nikaenda chooni nikalia.

Siku hiyo Mwalimu alitupa zoezi. Kila mtu amwandikie jirani yake ujumbe wa kweli kwa Kiingereza, na jirani auelewe mwenyewe na aufanyie kazi. Simu zote tulizitia kwenye beseni mlangoni, maana Mwalimu anatujua. Nikakifungua kikaratasi.

I want a date with you. Sunday, 9 o'clock, river garden. OK?

Date! Hilo neno nalijua. Limechapwa kwa herufi za dhahabu kwenye kila boksi linalotoka dukani kwetu, kunazi nyekundu za Xinzheng, na mimi ndiye niliyelipeleka kwa mchapaji. Chini ya boksi lipo tena, dogo, kando ya tarehe ya kufungasha. Sikuhitaji kamusi ya mtu. Nataka kunazi. With you, zile zilizo pamoja na wewe, yaani za dukani kwako. Jumapili, saa tatu asubuhi. Bustani ya Mto, na hilo ndilo jina la maghorofa anapoishi yeye na mama yake. Sawa?

Kumbe mtu anasafiri, anataka zawadi za kwao za kuwapelekea watu wa pwani. Miezi minane, na kwake mimi ni muuza kunazi tu.

"Unataka ngapi?" nikamuuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya dukani.

Akageuka. "Ngapi?"

"Sasa nitajuaje, bila wewe kuniambia?"

Masikio yakazidi kuiva. "Tuanze na moja," alinong'ona. "Ukiipenda... basi nyingine."

"Mimi niipende? Wewe ndiye unayepaswa kuipenda."

"Mimi nitaipenda," alisema haraka. "Sina wasiwasi kabisa."

"Basi boksi moja," nikajisemea. "Sawa. Jumapili saa tatu, nitakuja," nikamwambia.

Akatabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma lililokatika. Tabasamu lote lile kwa ajili ya kunazi! Nilimchukia kwa dakika nzima, na dakika hiyo haikunisaidia kitu.

Asubuhi yake Mama alinikuta dukani nachambua kunazi moja moja juu ya kitambaa.

"Za nani hizo?"

"Za mteja."

"Mteja gani anayechaguliwa kunazi kama anachaguliwa mchumba?"

"Mama, jamani. Kilo tano tu."

Mama alinitazama, akatazama koti langu la bluu, lile ninalovaa harusini, akaguna. Akachota karanga mbichi zenye maganda, akazifunga kwenye mfuko na kuuweka juu ya boksi. "Muongezee na hizi. Tusije tukaitwa wachoyo."

Nilipanda skuta yangu ya umeme nikiwa na boksi katikati ya miguu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kumuaga. Nenda salama, Baichuan. Ningbo kuna unyevu, zihifadhi pakavu. Kila nilipofika kwenye unyevu, machozi yalinilenga.

Mlango ulifunguliwa na mama yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi ti, na mkononi alikuwa na mwiko.

"Shikamoo, mama. Nimeleta mzigo wa Baichuan."

"Marahaba. Mwenyewe hayupo. Katoka tangu saa mbili na shati jipya, kajipulizia manukato mpaka lifti nzima inanuka. Mzigo gani?"

"Kunazi, mama."

Macho yake yakateremka kwenye boksi, yakasoma jina la duka letu, Kou. Uso ukabadilika. "Wewe ni binti wa Kou."

"Ndiyo, mama."

"Yule Kou aliyeniuzia kunazi zenye wadudu, za harusi ya binti yangu?"

Habari hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Lakini kabla sijajibu, aliuona mfuko wa karanga. Akaufungua. Akachukua karanga moja, akachukua na kunazi moja kutoka kwenye boksi, akaziweka pamoja kiganjani na kunionyesha.

"Binti. Nani kakutuma hivi?"

"Baichuan mwenyewe ndiye aliyetaka."

"Alitaka kunazi na karanga."

"Kunazi tu. Karanga ni nyongeza."

"Nyongeza!" alisema Mama Baichuan.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Katika lugha yetu kunazi hutamkwa sawa na mapema, na ndani ya jina la karanga mna kuzaa. Ndiyo maana vyote viwili humwagwa kitandani kwa maharusi, wapate mtoto upesi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, msichana asiyeolewa, ndani ya koti la harusini, mlangoni kwa mwanaume asiyeoa, nimebeba kilo tano za zaeni mapema. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Ingia," alisema. "Wa mlango wa tatu tayari anachungulia."

Alinikalisha kwenye meza ya kulia chakula, akanipa bilauri ya maji ya moto, akamwaga kunazi zote kwenye sinia. Kisha akaketi mbele yangu na kuanza kuzipasua kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akichunguza ndani kwa miwani.

"Mama, unatafuta nini?"

"Wadudu. Miaka mitano binti yangu hajazaa, na mimi najua sababu."

"Hizi hazina wadudu. Nimezichagua mwenyewe."

"Hilo tutaliona."

Akapasua kumi. Akapasua ishirini. Kila akikosa mdudu, alionekana kuudhika zaidi. Mimi nilikuwa naangalia kazi yangu ya asubuhi nzima ikigeuka vipande, na hasira zikanipanda.

"Samahani, mama, kama ni za harusi ile, mwaka ule mvua ilinyesha wiki mbili wakati wa mavuno. Duka zima lilikuwa na wadudu, mji mzima. Ungezirudisha tungekubadilishia."

"Harusi inarudishwa?"

Akapasua nyingine.

"Nikuulize kitu," alisema bila kuinua macho. "Unampenda mwanangu?"

"Mimi nimeleta mzigo tu."

"Sijakuuliza mzigo."

Niliyatazama maji yangu ya moto. Ningeweza kudanganya, nimewahi kudanganya watu wagumu kuliko yeye. Lakini shati la kazi la Baichuan lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, kola imeungua upande mmoja, na nilipoliona nikashindwa.

"Nampenda," nikasema. "Miezi minane sasa. Lakini yeye anataka kunazi za kwenda nazo Ningbo, na mimi nimemletea, na nitamtakia safari njema. Sitakusumbua, mama. Najua unataka aende."

Kidole gumba kikasimama. "Nani kakwambia nataka aende?"

"Yeye alisema darasani. Kwamba wewe ndiye unayemhimiza."

"Namhimiza kwa sababu ananitia uchungu kumwangalia! Anarudi Jumamosi kutoka darasani, anakaa pale, anaandika neno moja la Kiingereza mara mia, halafu anapumua kwa nguvu. Nikadhani labda akibadilisha hewa..." Akanitazama juu ya miwani. "Yanling ni wewe, sivyo? Neno lenyewe kumbe lilikuwa jina lako kwa herufi zao."

Nilitaka kumuuliza arudie alichosema. Lakini ufunguo ukalia mlangoni, na Baichuan akaingia.

Shati lake jipya lilikuwa jeupe, na mkononi alikuwa na maua ya chrysanthemum ya manjano yaliyolegea shingo. Aliponiona alisimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Wewe!" alisema. "Uko hapa?"

"Ulitaka niwe wapi?"

"Bustanini! Kando ya mto! Nimekaa kwenye benchi masaa mawili, Yanling. Wazee wa mazoezi wamemaliza, wamekwenda kwao, mmoja kanipa pole. Kama ulikuwa hutaki ungesema hutaki!"

"Hutaki nini? Umeniita kwako! Umeandika Bustani ya Mto!"

"Nimeandika bustani iliyo mtoni!"

"Kwa nini hukuandika park?"

"Park ni pa kuegesha magari!"

"Baichuan, mimi nimebeba kilo tano kutoka dukani, mama yako kazipasua, na wewe unanipigia kelele?"

"Kilo tano za nini?"

Nikalionyesha sinia. Akalisogelea, mdomo wazi.

"Kwa nini umeleta kunazi?"

"Kwa sababu umeziomba!" Nikatoa kikaratasi mfukoni, nikakikunjua juu ya meza na kuliwekea kidole neno lenyewe. "Hili hapa. Nataka kunazi. Nilikuuliza ngapi, ukaniambia moja!"

Sijawahi kuona mtu mzima akigeuka rangi kwa upesi ule. Alikitazama kikaratasi, akanitazama mimi, akaweka kiatu juu ya meza ya mama yake bila kujua. Kisha akaenda rafuni, akaleta kamusi nene yenye jalada la bluu, ile ambayo Mwalimu Xun alitulazimisha sote kununua. Mimi yangu sikuwahi kuifungua kwenye herufi D, nilijiona naijua.

"Soma," alisema.

"Soma wewe. Mimi sitaki kuaibika zaidi."

"Someni mmoja wenu," alisema Mama Baichuan, "na wewe toa kiatu."

Akakitoa. Akasoma maana kwa lugha yetu, kidole kikifuata mstari. "Ya kwanza. Siku ya mwezi, tarehe."

"Hiyo ipo chini ya boksi," nikasema.

"Ya pili. Tunda la mtende. Pia kunazi."

"Umeona? Umeona, mama?"

"Ya tatu..." Sauti ikamkatika.

"Sauti imekwenda wapi?" mama yake akauliza. "Soma!"

"Ya tatu. Miadi ya watu wawili wanaopendana, au mmoja wao anayempenda mwenzake na anatamani mwenzake ampende." Akashusha kamusi. "Hayo ya mwisho nimeongeza mwenyewe."

Nikaikumbuka kila kauli ya jana, tuanze na moja, ukiipenda basi nyingine, mimi nitaipenda, na kila kauli ikaja na maana yake mpya, mpaka mashavu yakaniwaka moto. Na mimi moyoni nilikuwa nimehesabu boksi moja!

"Hao wenye lugha yao wanaelewana vipi?" Mama Baichuan aliuliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Kijana anamtaka msichana, msichana anamletea matunda. Watu wao wanaoana kweli?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza, na nilipoinua uso nilitegemea kumkuta Baichuan naye anacheka. Hakuwa anacheka.

"Yanling," alisema. "Nimeshawapigia."

"Kina nani?"

"Ningbo. Nilipokuwa narudi. Nilikuandikia, nikakusubiri, hukuja. Nikaona ndiyo jibu lako. Nikawapigia pale pale darajani nikawaambia nakubali, naanza Alhamisi."

Kicheko kikanikauka. Miaka miwili. Kwa ajili ya neno ambalo limekuwa kwenye maboksi yangu miaka yote. Nilisimama, nikalitafuta begi langu, maana sikutaka kulia mbele ya mama wa mtu. Nikaanza kuvaa koti ambalo nilikuwa nimeshalivaa.

"Unakwenda wapi?" Mama Baichuan alisema.

"Dukani, mama. Kazi zipo."

"Kaa." Akamgeukia mwanawe. "Na yule bosi wako wa majiko wa hapa, aliyesema ana nafasi?"

"Ipo. Mshahara wake mdogo."

"Nimekuuliza mshahara? Piga simu Ningbo, ukatae."

"Mama, si wewe uliyesema niende?"

"Nilisema uende kwa sababu nilidhani hakuna anayekutaka hapa! Kunazi arobaini na tatu nimepasua, na mdudu hata mmoja sijamwona. Msichana wa namna hiyo mimi nitampata wapi tena?" Akainama kwenye sinia, na sauti yake ikapungua. "Na dada yako alishaniambia ni wao wenyewe hawajataka mtoto. Mimi nilihitaji tu mtu wa kumlaumu. Piga simu, nimesema."

Baichuan akapiga. Aliiweka simu sikioni kwa mikono miwili, kama mtu anayezungumza na hakimu.

"Bosi, samahani, ni mimi Luan wa Xinzheng. Ndiyo, nimekubali nusu saa iliyopita. Naomba kukataa." Ikasikika sauti ya mtu upande wa pili, kali. "Hapana, sijapata kazi nyingine. Hapana, siumwi. Bosi, kulikuwa na neno tulilielewa tofauti... Si kwenye mkataba, bosi. Ni la... ni la kunazi." Kali zaidi. Baichuan akainamisha kichwa mara tatu mbele ya ukuta. "Ndiyo. Asante. Samahani tena."

Akaishusha simu.

"Kasema nini?" tuliuliza mimi na mama yake kwa pamoja.

"Kasema mafundi wa majiko wote ni wendawazimu, na atamchukua mwingine."

Mama Baichuan akasema vizuri, akala kipande cha kunazi. Baichuan akaokota maua yake kutoka juu ya kabati la viatu, akayanyoosha shingo, yakainama tena. Akavuta kamusi.

"Iache hiyo," nikamwambia. "Usithubutu kuandika hata herufi moja. Sema kwa lugha ya mama yako."

"Mama yupo hapa."

"Ndiyo maana."

Akatazama dari. Akatazama mikono yake. Halafu akanitazama mimi, machoni, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo hata siku moja ndani ya miezi ile minane, bila kukimbia.

"Yanling, nakupenda. Nilikupenda siku ya kwanza, ulipomwambia Mwalimu kwamba bei ya kitabu chake ni wizi, kisha ukanilipia na mimi kwa sababu nilisahau pochi. Nilijiandikisha mwezi mmoja tu, Yanling. Kiingereza sikihitaji, majiko hayazungumzi Kiingereza. Nimelipa miezi saba mingine ili nikae karibu nawe. Sitaki kunazi. Nataka tutembee pamoja leo, na kesho ukitoka dukani, na mimi nisiende popote."

Nikatia mikono kwenye mifuko ya koti. Nilipata maneno mengi ya kumtania, yalikuja yote kwa mkupuo, la pochi, la manukato ya kwenye lifti, la wazee wa mazoezi. Nikayaacha yapite.

"Na mimi nakupenda, Baichuan," nikamwambia, polepole, kwa lugha yetu, nikiyaangalia masikio yake ili nihakikishe amesikia.

Mama Baichuan akaifunga kamusi.

"Hilo hata mimi nimelielewa," alisema, akaenda jikoni kuteleka maji ya tambi za watu watatu.